Sumaku na Sakafu ya Tantine

Mwaka niliorudi Kolwezi nikiwa na shahada ya fizikia na bila kazi, mfukoni nilikuwa na sumaku. Niliitoa kwenye spika iliyokufa ya kwaya ya kanisa letu, duara jeusi lenye tundu katikati, zito kiasi cha kuvuta suruali upande mmoja. Nilizunguka nayo Dilala nzima nikijaribu vitu. Bawaba za milango, mabati, vijiko. Vijiko vingine vinavutwa na vingine vinakataa, na nimejifunza kwamba hakuna mama anayependa kuambiwa vijiko vyake viko kundi gani.

Sokoni kulikuwa na bwana aliyeuza bangili za sumaku. Alizipanga juu ya kitambaa chekundu na kuita wapita njia.

"Presha! Mugongo! Bangili inavuta chuma ya mu damu, inaipanga muzuri, damu inatembea!"

"Tata," nikamuuliza, "umeshajaribu?"

"Kujaribu nini? Batu banapona."

"Kujaribu kama damu inavutwa."

Nilikwenda kwa mama muuza kuku aliyekuwa anachinja pembeni, nikamwomba damu kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Watu walianza kukusanyika. Nikaisogeza sumaku karibu na damu, kulia, kushoto, chini. Damu ilitulia kama haijaitwa. Nikapanda juu ya kreti ya bia na kuhutubia: chuma cha kwenye damu si chuma cha msumari, sumaku haiulizi jina, inauliza elektroni zimekaaje. Watu walinipigia makofi. Muuza bangili aliniita mchawi, na kabla sijashuka kwenye kreti alikuwa ameuza bangili nyingine mbili.

Ningeiandika hotuba ile kwenye kiganja cha mkono ningejiokolea wiki nzima ya aibu.

Mama yangu ana mdogo wake anayeishi Kasulo, nami humwita tantine. Ni mjane, anauza vitenge, na ana ulimi mwepesi kuliko mizani ya duka. Sebuleni kwake, mahali ambapo watu wengine huweka kochi, palikuwa na shimo. Mtu wa Kasulo hashangai kusikia hivyo. Wachimbaji wanne walikuja, wakakubaliana naye kama ilivyo desturi ya mtaa: wao wanachimba, yeye anapewa fungu lake la mawe, katika magunia. Walichimba miezi kadhaa, mshipa wa kobalti ukaisha, wakafukia sehemu kubwa ya shimo kwa udongo na kuondoka. Kilichobaki kilikuwa kimo cha mtu mmoja, kimefunikwa kwa mbao, na juu ya mbao tantine alitandika mkeka na kuweka meza ya chakula. Ukila kwake ulikuwa unasikia kijiko kilichoanguka kikigonga mbao kwa sauti ya ngoma.

Sasa binti yake, ambaye ni mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja na namwita yaya, alikuwa amepata mchumba. Familia ya kijana ni watu wa asili ya Kasai, babu yao aliletwa zamani kufanya kazi ya mgodi. Wanaishi Dilala katika zile nyumba za matofali za kampuni ya zamani, na baba mwenyewe ni mstaafu wa kiwanda na shemasi anayevaa tai hata siku ya kufua. Jumamosi walikuwa wanakuja kutoa mahari.

"Siwezi kupokea bakwe juu ya shimo," tantine alinitangazia Jumatatu asubuhi. "Ule muzee atakaa mu kiti, kiti itaingia chini, na ndoa itaingia nayo. Batasema tunaozesha mutoto mu nyumba yenye kuanguka."

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Ukutani nyuma ya nyumba kulikuwa na magunia ya aina mbili: fungu lake la kobalti, na mawe ya juu yasiyo na faida ambayo wachimbaji walimwachia kwa ajili ya kujaza shimo. Yenye faida yaende depo, kwa wanunuzi wa mawe. Yasiyo na faida yaingie shimoni. Kinachotoka depo kinunue simenti, na Ijumaa sakafu iwe imemwagwa.

Shida ilikuwa kwamba mvua zilipoanza, magunia yalioza na mawe yakamwagika. Mtu fulani mwenye huruma aliyapakia upya bila kuuliza kipi ni kipi. Yote yalikuwa yamevaa matope mekundu, yote meusi au ya kahawia iliyoiva, yote mazito. Mkuu wa wale wachimbaji, ambaye angejua, alikuwa amehamia upande wa Tenke na simu yake haikupatikana.

Jirani wa tantine ni mama mwoshaji wa mawe. Ameosha na kuchambua mawe ya watu kwa miaka mingi, mikono yake ina rangi ya mto. Alikuja na kikombe cha kauri kilichovunjika, akaketi juu ya ndoo, akakigeuza chini juu. Lile duara la kitako cha kikombe, lisilo na mng'ao, ndilo alilotumia. Alisugua jiwe moja, likaacha mstari mweusi. Akasugua jingine, likaacha mstari wa kahawia-nyekundu kama kutu.

"Hii nyeusi njo kobalti," akasema. "Hii ya kutu ni chuma. Tutaenda moja moja."

Niliangalia rundo. Nikaangalia kikombe.

"Mama, samahani. Nani alisema mstari mweusi ni kobalti?"

"Mama yangu."

"Na yeye nani alimwambia?"

"Weye unataka nikufufulie bibi?"

Yaya alicheka mpaka akashika mlango. Mimi sikucheka, nilikuwa katika hali ya kuelimisha. Nikatoa sumaku mfukoni. Nikaeleza kwamba duniani, katika joto la kawaida, metali tatu zinazojulikana na kila mtu kuvutwa kwa nguvu na sumaku ni chuma, nikeli na kobalti. Mtihani wa kwanza wa mwaka wa tatu. Hatuhitaji kusugua jiwe moja moja na kikombe cha marehemu bibi. Tutapitisha sumaku, linaloruka ni kobalti, linalokaa ni takataka.

Nikapitisha. Baadhi ya mawe yaliyosafishwa na mvua yaliruka yakagonga sumaku kwa mlio mzuri sana, tak, tak. Mengine, yale meusi kabisa yenye mng'ao kidogo, yalilala tu.

"Unaona?" nikamwambia tantine.

Mama mwoshaji alisimama, akakung'uta kikoi chake. "Na chuma je? Si umesema chuma nayo inaruka?"

Lilikuwa swali zuri. Lilikuwa, kwa kweli, swali lote. Nikamjibu kwamba wachimbaji hawafuati chuma, wanafuata kobalti, kwa hiyo kinachoruka shimoni mwao lazima kiwe kobalti. Sijui jibu lile lilitoka wapi. Mtu yeyote angenipa jibu kama hilo ningemtafuna.

"Sawa, mutoto ya inivesite," akasema, akachukua kikombe chake na kwenda.

Kufikia jioni tulikuwa tumemaliza. Mawe yaliyolala tuliyamwaga shimoni mpaka likajaa, tukashindilia kwa mti, tukaweka udongo juu. Yaliyoruka tulipakia kwenye kipikapu Jumanne asubuhi, mimi nikiwa nimekaa juu ya magunia kama mwenye mali.

Deponi kijana mmoja alichukua mashine yao ya kupimia, ile inayofanana na kikaushio cha nywele, akaielekeza kwenye jiwe, akasubiri. Akaelekeza kwenye jingine. Akamwita mwenzake.

"Tata," akaniambia kwa adabu iliyoniuma, "mumeleta misumari?"

"Vipi?"

"Ni chuma. Hii chuma. Hii chuma. Hii, chuma na udongo. Kobalti haina ata ya kupaka jicho."

Dereva wa kipikapu, aliyekuwa ananisubiri, aliuliza kama tunayaacha. Nikakumbuka kwamba yale tu ndiyo yangeweza kujaza shimo, kama shimo lingefunguliwa tena. Nikamwambia ayarudishe Kasulo. Alinitazama muda mrefu. "Ku inivesite banakufundisha kubeba?" akauliza.

Juu ya magunia yale, tukipita kati ya pikipiki zilizojaa barabara, ndipo nilipomkumbuka yule bwana wa bangili. Chuma cha kwenye damu si chuma cha msumari. Nilikuwa nimelisema mwenyewe juu ya kreti ya bia, na watu wakapiga makofi.

Maana mambo yako hivi. Kila elektroni ni sumaku ndogo yenyewe. Ndani ya vitu vingi zinakaa mbili mbili, moja inatazama juu na mwenzake chini, nguvu zao zinafutana, na sumaku yako haina wa kumshika. Katika kobalti ya metali, ile inayotoka kiwandani iking'aa, baadhi hazina wenzi. Na hizo zisizo na wenzi zinaelewana na jirani zao kutazama upande mmoja, kama kwaya inapogeuka kumwangalia mwalimu. Kinachonifurahisha ni sababu. Si kwamba zinapendana. Elektroni mbili zinazotazama upande mmoja zimekatazwa kukaa mahali pamoja, kwa hiyo zinapishana kwa mbali, na zikipishana kwa mbali zinasukumana kidogo. Sumaku yote ya mfukoni mwangu inatokana na adabu ya kukwepana.

Lakini jiwe jeusi la Kasulo si metali. Humo kobalti imetoa elektroni tatu kwa oksijeni, na zile oksijeni sita zinazoizunguka zimezibana elektroni zake sita za nje katika vyumba vitatu, mbili kila chumba, mgongo kwa mgongo. Hesabu yake ni sifuri. Sumaku ikipita, jiwe linaendelea kulala. Wakati huohuo mawe ya juu, yenye kutu ya aina fulani ya chuma, yanaruka kama panzi.

Nilikuwa nimezika kobalti ya tantine chini ya meza yake ya chakula.

Nilimweleza Jumatano asubuhi, nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kiti. Nilimweleza kwaya, nikamweleza vyumba vitatu. Mama mwoshaji alikuwa amekuja na ndoo yake na kukaa juu yake, kazi hana, amekuja kusikiliza.

"Kwa hiyo," tantine akasema polepole, "kobalti ikiwa peke yake, inaitika."

"Ndiyo."

"Ikishaolewa na hii oksijeni, haiitike tena."

"Ndiyo, tantine. Ni hivyo kabisa."

"Na weye unataka nifungue shimo. Siku tatu mbele ya bakwe."

"Kobalti iko ndani."

"Jumatatu ulisema iko inje." Akafunga kitenge upya kiunoni. "Jumatatu nilikuamini juu ya maneno. Leo maneno sitaki. Iachanishe. Hii kobalti na bwana yake. Iachanishe nione kama itaitika."

Aliposema hivyo alikuwa ananifukuza. Lakini mimi nilisimama pale nikiwa nimeganda, kwa sababu ilikuwa inawezekana. Ndicho wanachofanya wahunzi tangu kale: makaa yenye moto yanaitaka oksijeni kuliko metali inavyoitaka.

Nilichimbua jiwe moja jeusi pembeni ya lile shimo, nikaliosha. Yaya, ambaye ndoa yake ilikuwa juu ya meza, aliacha kushona na kulisaga juu ya jiwe la kusagia pilipili, bila kumwambia mama yake. Nilitaka kutumia kopo la nyanya, nikakumbuka kopo lenyewe ni la chuma na litanidanganya. Nilikuwa nimeshadanganywa vya kutosha wiki hiyo. Mama mwoshaji akanyanyuka, akarudi na kichungu kidogo na kigae cha kufunikia.

Kabla ya kuwasha nilipitisha sumaku juu ya unga mweusi, mbele ya macho yao. Hakuna. Nikapitisha juu ya unga wa makaa peke yake. Hakuna.

"Ju ya nini unapima makaa?" tantine akauliza.

"Ili baadaye usiseme ni makaa."

"Ah. Leo unajiuliza mwenyewe."

Nilichanganya unga na makaa yaliyosagwa, nikafunika, nikaziba ukingo kwa udongo wa mfinyanzi, na kukizika kichungu ndani ya mbabula, jiko letu la mkaa, iliyojaa makaa, nje, mbali na mlango. Tulipepea kwa sahani kwa zamu. Maharage ya tantine yaliiva kwenye mbabula ya pili, na tukaendelea kupepea. Kichungu kilikuwa chekundu kama kucha za yaya. Kisha kungoja kipoe kikiwa kimefunikwa, kwa sababu ukikifungua kikiwa cha moto oksijeni inarudi kumchukua mke wake. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kungoja ni kazi ngumu kuliko kupepea. Mama mwoshaji alinihesabia mawe yote ambayo angeshayasugua kwa muda ule.

Nilipofungua, ndani kulikuwa na unga wa kijivu. Nikasogeza sumaku.

Unga ulisimama. Ulisimama kama nywele za mkono kwenye baridi, kisha punje zikaanza kuruka moja moja, na kisha shada zima likashika ukingo wa sumaku na kubaki pale.

Tantine alininyang'anya sumaku, akaipangusa kwa ncha ya kitenge, akajaribu mwenyewe. Akaipangusa, akajaribu tena. Alijaribu mara tatu, na mara ya tatu alijaribu upande wa chungu ambao mimi sikuugusa. Nilitamani kuwa na wanafunzi kama yeye.

"Fungua shimo," akasema.

Tulilifungua mchana uleule. Tulitoa udongo, tukatoa mawe yote niliyoyashindilia kwa bidii kubwa siku mbili kabla, na mama mwoshaji akaketi mlangoni na kikombe chake. Safari hii aliyesugua ni mimi. Yeye alitazama mstari tu na kusema "depo" au "shimo". Nilijaribu kumuuliza kwa nini mstari wa unga unasema kweli wakati rangi ya jiwe lenyewe inadanganya. Akaniambia nisugue.

Alhamisi kijana wa depo aliniona nikishuka kwenye kipikapu kilekile na akaanza kucheka kabla sijafika. Alielekeza mashine yake, akasubiri, akaacha kucheka. Dereva ndiye aliyepiga kelele za furaha, kana kwamba mawe yalikuwa yake.

Mawe ya chuma yalirudi shimoni, mahali pake pa siku zote. Simenti ilifika Ijumaa, ikamwagwa Ijumaa alasiri, na usiku mvua ikanyesha, kwa hiyo haikukauka. Jumamosi asubuhi sakafu ilikuwa nzuri, bapa, ya kijivu, na laini kama siagi. Hata paka hakuruhusiwa kuikaribia.

"Bakwe watakaa wapi?" yaya akauliza. Alikuwa ameshavaa, na machozi yalikuwa karibu kuharibu kazi ya asubuhi nzima.

Mama mwoshaji alikuwa tayari anafunga bashi lake, turubai la kazi, kati ya nyumba yake na mwembe wetu wa kamba za nguo. Alifagia uwanja wake wa mawe, akapanga viti vya kanisa. "Watakaa kwangu," akasema. "Na huyu wa inivesite ataniletea maji wiki mbili."

Wakaja. Mzee mwenye tai, wajomba wawili, akina mama na mabeseni yao. Walikula, wakasali, wakabishana kwa heshima kuhusu mbuzi, wakakubaliana. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri mpaka mzee aliponyanyuka, akanyoosha tai, akasema kwamba angependa kuona nyumba aliyokulia mkwe wake.

Tantine alijaribu kumpa soda nyingine. Mzee alikuwa ameshaanza kutembea. Alisimama kwenye kizingiti, akaangalia sakafu mbichi, akainama na kugusa ukingo kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu aliyefanya kazi maisha yake yote karibu na vitu vya moto.

"Hapa kulikuwa shimo," akasema.

Nilisikia mabeseni yakinyamaza nyuma yangu. Yaya alinishika mkono na kuuminya mpaka ukafa ganzi.

"Ndiyo, tata," tantine akasema.

Mzee alijifuta kidole kwa kitambaa, akakikunja, akakirudisha mfukoni.

"Kwangu nayo iko moja," akasema kwa sauti ya chini. "Chini ya chumba ya kulala. Mama eko nalala upande ya ukuta, mi ndiye ninalala upande ya shimo." Akaangalia tena ile sakafu, na sasa ilikuwa wazi kwamba anaangalia kazi, na anaitamani. "Hii yenu imekaa bapa muzuri sana. Mulijaza na nini?"

Tantine alivuta pumzi. Hakunitazama, lakini mama mwoshaji alinitazama kwa niaba yake.

"Mara ya kwanza, tata," tantine akasema, "tulijaza na kobalti."